Bingwa wa matufe ya nyasini: maswali ninayoulizwa sana hapa Tanga

Watu wakishajua kwamba nafuatilia mchezo wa matufe ya nyasini, ule Waingereza wanaouita lawn bowls, maswali hayaishi. Barazani Ngamiani, kwa kinyozi Chumbageni, hata msibani baada ya kula, atatokea mtu: hivi na huo nao ni mchezo? Na bingwa wake ni bingwa wa nini, wa kubingirisha mpira? Nimechoka kurudia, nimeyaandika yote hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana utamu wake, mengine yametosha mstari mmoja. Mashabiki wa Mkwakwani mnistahi, mpira wa miguu leo utapita kwa mbali.

Mchezo wenyewe unachezwaje?

Kiwanja ni cha mraba au karibu na mraba, bapa kama meza, nyasi zake fupi mno, na kimezungukwa na mtaro. Urefu wa kuchezea ni kati ya mita 31 na 40. Kimegawanywa kwa njia, kila njia na mechi yake, ili watu wacheze wengi kwa wakati mmoja bila kukanyagana.

Mchezaji anasimama kwenye mkeka mdogo wa sentimita 60 kwa 36. Anayeanza anabingirisha tufe dogo jeupe au la njano linaloitwa jeki (fundi gari asije akachanganyikiwa, hii haiinui kitu). Jeki sharti ifike angalau mita 23 kutoka mkekani. Halafu wachezaji wanabingirisha matufe makubwa kwa zamu, kila mmoja akitaka la kwake lilale karibu na jeki kuliko la mwenzake. Matufe yakiisha wanahesabu: kila tufe lako lililo karibu zaidi kuliko tufe bora la mpinzani ni pointi moja. Wakimaliza wanageuka na kucheza kuelekea upande waliotoka. Katika mchezo wa mmoja mmoja, kila mtu ana matufe 4, na kwa kawaida wa kwanza kufikisha pointi 21 ndiye mshindi. Wapo pia wanaocheza wawili wawili, watatu watatu na wanne wanne.

Jambo moja linalowapendeza watu nikiwaeleza: tufe likiigusa jeki wakati linabingirika, linatiwa alama ya chaki, na tangu hapo hata likidumbukia mtaroni bado liko mchezoni. Tufe ambalo halikugusa likiingia mtaroni limekufa.

Mbona husema tufe linapinda? Lina risasi ndani?

Halina kitu ndani. Ni umbo lake. Tufe hili si duara kamili, upande mmoja umechongwa tofauti na mwingine kidogo tu, kiasi ambacho jicho la haraka halioni. Mtoto yeyote wa Tanga aliyewahi kukimbiza ringi ya baiskeli kwa kijiti anaijua tabia hii: ringi ikiwa na mwendo inakwenda moja kwa moja, mwendo ukipungua inaanza kulala upande, na kadiri inavyolala ndivyo inavyokata kona. Tufe nalo ni hivyo hivyo. Mita za mwanzo linaonekana linanyooka, za mwisho ndizo linazojikunja.

Kwa hiyo mchezaji hailengi jeki. Analenga mahali patupu pembeni, pengine mita mbili au zaidi kutoka kwenye jeki, akitegemea tufe lirudi lenyewe. Ubavuni mwa tufe kuna alama ya kuonyesha upande linakopindia. Anayejifunza akilishika kinyume, tufe linaondoka zake na kwenda kwa majirani wa njia ya pili, na kiwanja kizima kinacheka.

Zamani yalichongwa kwa mti mgumu wa visiwa vya Karibi unaoitwa lignum vitae. Karne ya 20 ikaleta mpira mgumu, kisha plastiki. Tufe moja halizidi kilo 1.59.

Bingwa wa mabingwa ni nani?

Kwangu mimi ni David Bryant wa Uingereza. Wapo watakaomtaja Alex Marshall wa Scotland, na hoja wanayo: dhahabu 5 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kati ya 2002 na 2018, na ubingwa wa dunia wa mmoja mmoja wa ukumbini mara 6. Sitagombana nao. Ila ukitaka kuelewa maisha ya bingwa wa mchezo huu yanakwendaje, toka mwanzo mpaka mwisho, msome Bryant.

Tupe habari zake kwa ufupi.

Kwa ufupi ni vigumu, lakini haya.

Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1931 Clevedon, mji mdogo wa pwani katika mkoa wa Somerset. Mtu wa pwani, mwenzetu. Mchezo aliukuta nyumbani, kwa baba na babu. Kazi aliyosomea ni ualimu. Ubingwa wa taifa wa mmoja mmoja aliuchukua mara ya kwanza 1960, akaurudia 1966, kisha 1971, 1972 na 1973 mfululizo, na tena 1975. Mara 6 jumla.

Mwaka 1962 alikwenda Perth, Australia, kwenye michezo ya Madola, akarudi na dhahabu mbili, ya mmoja mmoja na ya wanne wanne. Miaka minne baadaye michezo hiyo ilifanyika Kingston, Jamaika, na safari hiyo matufe hayakuwemo kwenye ratiba. Hiyo ndiyo mara pekee yamekosekana tangu michezo ilipoanza 1930. Lakini mwaka huo huo wa 1966 ukaanzishwa ubingwa wa dunia, Sydney, na bingwa wa kwanza wa mmoja mmoja akawa yeye.

Baada ya hapo kuna jambo la ajabu kidogo. Kwenye Madola hakuguswa: dhahabu ya mmoja mmoja Edinburgh 1970, Christchurch 1974, Edmonton 1978. Kwenye ubingwa wa dunia akawa anapishana nao. Mwaka 1972 mashindano yalikuwa Worthing, nyumbani kwake Uingereza, na kombe likaenda kwa Malwyn Evans wa Wales. Mwaka 1976 yalikuwa Johannesburg, likabaki kwa mwenyeji, Doug Watson. Bryant alisubiri miaka 14 mpaka 1980, Frankston, Australia, ndipo akaupata wa pili. Wa tatu akauchukua Auckland, New Zealand, 1988. Huo ni mwaka ambao Coastal Union waliuleta ubingwa wa ligi Tanga, kwa hiyo hesabu ya kumbukumbu mnayo.

Katikati ya hayo, mchezo wa ukumbini ulipopata ubingwa wake wa dunia 1979, Coatbridge huko Scotland, aliuchukua yeye, na 1980, na 1981. Halafu akaungana na kijana Tony Allcock wakawa mabingwa wa dunia wa wawili wawili ukumbini mara 6, kati ya 1986 na 1992. Alifariki tarehe 27 Agosti 2020 akiwa na miaka 88.

Christchurch 1974? Si ndiyo ile ya Bayi?

Ndiyo yenyewe! Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu wazee wetu wote wanaijua ile mbio. Filbert Bayi, mita 1500, dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, anaongoza toka mlio wa bastola mpaka utepe. Katika michezo hiyo hiyo, mji huo huo, Bryant alikuwa akichukua dhahabu yake ya tatu ya mmoja mmoja. Bayi alikuwa na miaka 20. Bryant alikuwa na 42.

Songa miaka minne mbele. Edmonton, Kanada, 1978. Gidamis Shahanga, kijana ambaye hajatimiza 21, anashinda marathoni na Tanzania inapata dhahabu nyingine. Bayi yupo pia, safari hii anapata fedha mita 1500. Na kwenye nyasi pale pale Bryant, miaka 46, anachukua ya nne.

Songa tena. Mwaka 1980 Bayi anakwenda Moscow, anapata medali ya fedha ya Olimpiki katika mbio za kuruka viunzi na maji. Ndiyo kilele chake cha mwisho kikubwa, akiwa na miaka 27. Mwaka huo Bryant ni bingwa wa dunia wa nje na wa ukumbini kwa pamoja, na ana miaka 48. Ubingwa wa Auckland aliupata na 56. Wa mwisho akiwa na Allcock, 60, mwenzake akiwa na 36.

Sisemi kwamba mmoja ni bora. Mita 1500 zinamaliza mapafu, na hakuna mtu wa miaka 42 atakayemfukuza Bayi. Ninachosema ni kwamba hapa kwetu mtu akifika miaka thelathini na tano tunamwambia "umestaafu, sasa kaa utazame". Mchezo huu kwa umri huo ndiyo kwanza unakufungulia mlango.

Siri yake ilikuwa nini hasa?

Wengi husema mkono mtulivu. Mkono mtulivu wanao maelfu. Mimi naona siri ilikuwa kukisoma kiwanja upya kila mara.

Kiwanja kina kasi yake, na kasi hiyo hupimwa kwa sekunde: tufe linachukua muda gani toka kuachwa mkononi mpaka kutulia umbali wa mita 27 hivi. Hapa ndipo watu wananibishia. Kiwanja "cha kasi" ni kile ambacho tufe linachukua sekunde nyingi. Fikiri kidogo utaona. Nyasi zikiwa kavu na zimenyolewa, haziuzuii mwendo, kwa hiyo unalisukuma tufe polepole nalo linakwenda, linakwenda, linapinda upinde mpana, linatulia baada ya sekunde 15 au zaidi. Nyasi zikiwa nzito na zenye maji unalazimika kulisukuma kwa nguvu, linafika haraka, sekunde 10 au 12, na linapinda kidogo tu. Viwanja vya Uingereza, kwa mvua yao ile, ni vya aina hii ya pili. Vya Australia na New Zealand ni vya aina ya kwanza. Mtu aliyelelewa kwenye kizito akipelekwa cha kasi, mkono wake wote alioujenga kwa miaka unamsaliti: tufe linapita jeki na kwenda kulala mtaroni.

Sasa rudi kwenye orodha ya Bryant. Ubingwa wake wa dunia wa nje wa mmoja mmoja, mara zote tatu: Sydney, Frankston, Auckland. Ugenini, kwenye viwanja vya kasi visivyo vya kwao. Ulipochezwa kwao, aliukosa. Dhahabu nne za Madola za mmoja mmoja, moja tu ndiyo ilipatikana kwenye kisiwa chao. Mtu huyu alikuwa anashuka ndegeni na kujifunza nyasi ngeni kuliko wenyeji walivyozijua.

Na kiwanja kimoja hakikai vile vile siku nzima. Asubuhi kuna umande, tufe linakokota. Saa saba mchana jua limekausha, kasi imepanda. Jioni upepo wa bahari unaingia, na tufe lililobakiza mita tatu kusimama likiwa limelala upande linasukumika na upepo kama tanga. Mchezaji mzuri anatumia raundi za mwanzo kukusanya habari: upande huu wa mkono wa kulia unavuta zaidi, kule karibu na mtaro kuna mteremko ambao haupo kwenye macho.

Chukua raundi moja tuitazame. Mmefungana 19 kwa 19. Tufe la mpinzani limelala upana wa kiatu kutoka kwenye jeki, na mbele yake kuna matufe mawili yanayoziba upande wa kulia. Umebakiwa na tufe moja. Unaweza kulipiga kwa nguvu zote ulisambaze lile rundo, na mashabiki watasimama. Unaweza kuigonga jeki kidogo isogee nyuma, kuliko na tufe lako lililopitiliza mwanzoni (pengine hukulipitiliza kwa bahati mbaya). Au unaweza kupita kushoto, upande ambao hukuutumia tangu mechi ianze, na kulilaza tufe kati ya jeki na lile la mpinzani, mahali pa kiganja kimoja. Vijana huchagua la kwanza. Mabingwa, mara nyingi, la tatu. Na ndiyo maana raundi za mwanzo walijaribu kushoto mara moja moja hata pale kulia kulipokuwa rahisi.

Bryant alikuwa na namna yake ya kuanza. Alichuchumaa kwenye mkeka kwanza, karibu na nyasi, tufe mbele yake, akiangalia mstari anaotaka lipite. Kisha akainuka kutoka hapo na kupiga hatua ya kuachia. Makocha wengi hawafundishi hivyo. Yeye ilimfaa.

Ni kweli alikuwa na kiko mdomoni?

Kweli. Picha zake nyingi utamwona nacho, hata katikati ya mechi. Usimwige katika hilo.

Huu si mchezo wa wazee waliokosa la kufanya?

Wazee wapo wengi, sikatai, na ni raha yao. Lakini angalia Birmingham 2022. India ilipeleka wanawake wanne: Lovely Choubey, Pinki, Nayanmoni Saikia na Rupa Rani Tirkey. Nchi yao haikuwa na medali hata moja ya matufe katika historia ya Madola. Wakawatoa New Zealand nusu fainali, wakawafunga Afrika Kusini 17 kwa 10 kwenye fainali, dhahabu.

Wanawake wale hawakuzaliwa kwenye klabu za nyasi. Saikia alianzia kunyanyua vyuma, Tirkey alicheza kabaddi, Choubey alikuwa mwanariadha akaumia. Miili ilipogoma, akili ya michezo ilikuwa bado ipo, wakaihamishia huku. Sijui ni wanariadha wangapi wa Tanga waliovunjika goti wakabaki kuendesha bodaboda.

Na wanawake kwa jumla?

Kwenye Madola waliingia 1982, Brisbane, kwa mchezo wa watatu watatu. Dhahabu ya kwanza kabisa ya wanawake ilikwenda Zimbabwe, nchi iliyokuwa na umri wa miaka miwili tangu uhuru. Halafu yupo Siti Zalina Ahmad wa Malaysia, dhahabu ya mmoja mmoja Manchester 2002 na tena Melbourne 2006. Yeye ndiye ninayewatajia kina mama wa mtaani kwangu wanaosema michezo hii ni ya Wazungu. Ni Mmalay, na alikwenda kuwafunga wenye mchezo kwao.

Nguvu haihitajiki ya kutisha, mavazi hayakubani, jezi inaweza kuwa ndefu. Shangazi mmoja aliniuliza kama anaweza kucheza na baibui lake. Atafute suruali pana na viatu bapa, akiinama asikanyage pindo.

Bingwa anakula wapi? Kuna pesa?

Kidogo, na kwa wachache. Kwa muda mrefu ulikuwa mchezo wa ridhaa, na Bryant alipopata dhahabu ya Perth alikuwa mwalimu kama walimu wengine. Televisheni ya BBC ilipoanza kuuonyesha miaka ya 1970 na 1980, wadhamini wakaja, na ubingwa wa dunia wa ukumbini ukawa na zawadi ya fedha inayoeleweka. Siku hizi huchezwa Hopton-on-Sea, mkoa wa Norfolk, juu ya zulia la bluu.

Lakini wengi wana kazi zao. Wale dada wa India, mmoja polisi, mmoja mwalimu wa michezo shuleni, mmoja idara ya misitu, mmoja afisa michezo wa wilaya. Kijana anayetaka utajiri wa haraka aende kwingine. Anayetaka kusafiri, kuvaa bendera ya nchi, na kuendelea kufanya hivyo miaka ishirini na zaidi, hapa panamfaa.

Ni kamari?

Sio. Mkeka unaotajwa huku ni wa kusimamia, wala si wa kubeti.

Ila swali halikutoka hewani. Mwaka 1541 Mfalme Henry VIII wa Uingereza alipitisha sheria iliyowakataza mafundi na vibarua kucheza matufe isipokuwa siku za Krismasi. Sababu mojawapo ni dau, na nyingine ni kwamba vijana waliacha kufanya mazoezi ya upinde na mshale. Matajiri wakaruhusiwa. Sheria ile ilikuja kufutwa 1845, na miaka michache baadaye Waskoti wa Glasgow wakaandika kanuni ambazo ndizo msingi wa mchezo wa leo. Kile kisa cha nahodha Drake kumaliza mchezo wake huku meli za Hispania zinakuja mwaka 1588, kila Mwingereza atakuhadithia. Msikilize, kisha kiweke pamoja na ngano za Abunuwasi.

Afrika iko wapi?

Kusini ndiko kwenye nguvu. Mwaka 1976, Johannesburg, Afrika Kusini ilichukua mataji yote ya dunia ya wanaume. Usisahau ni enzi za ubaguzi wa rangi, na timu ile ilikuwa ya weupe. Tangu 1994 wamerudi Madola na wanafanya vizuri. Zimbabwe nimeshaitaja. Namibia na Botswana wanacheza, na jirani zetu Kenya na Zambia wamewahi kupeleka wachezaji Madola. Wanaocheza Nairobi huchezea zaidi kwenye klabu zile za tangu ukoloni.

Tanzania inaruhusiwa?

Inaruhusiwa, sisi ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Njia ni ya kawaida: chama kisajiliwe Baraza la Michezo la Taifa, kijiunge na shirikisho la dunia la mchezo, na timu ya Madola ipitie Kamati ya Olimpiki Tanzania. Makaratasi yapo, kinachokosekana ni wachezaji. Na wachezaji hawapatikani bila mahali pa kuchezea, kwa hiyo soma swali linalofuata.

Hapa Tanga kiwanja kitajengwa wapi?

Hili wananiuliza kwa dhihaka, nami nalijibu kwa dhati.

Nyasi tunazo. Ukoka ule ule unaokusumbua ukipalilia shamba la Muheza, jamaa zake waliochaguliwa ndio wanaotandikwa kwenye viwanja vya nchi za joto. Mvua tunazipata masika na vuli. Tabu ni kuutunza: ardhi isawazishwe kwa kipimo, isibonyee hata kidogo, nyasi zikatwe mpaka milimita chache kwa mashine ya silinda karibu kila siku, zimwagiliwe kiangazi, zivingirishwe kwa rola. Fyekeo haliwezi kazi hiyo. Na uzio uwe imara, maana mbuzi wetu wa mjini hawana adabu. Mimi nimeona viwanja vya mpira vinavyotushinda. Cha matufe ni kigumu zaidi mara nyingi.

Kwa hiyo nikiulizwa ushauri, nasema tuanze na zulia. Kuna namna ya mchezo huu inayochezwa juu ya zulia refu la mita 12 hadi 14 na upana wa futi 6 tu. Linaingia kwenye ukumbi wa shule, linakunjwa jioni, meza zinarudi. Matufe ni yale yale yanayopinda. Shule mbili zikiwa nalo, zina mechi. Uwanja wa nyasi usubiri mpaka wapatikane watu watakaoulilia.

Mimi binafsi nahitaji nini?

Viatu bapa visivyo na meno, au peku. Matufe manne yanayokutosha mkononi: yana saizi, na kosa la wanaoanza ni kuchukua makubwa. Lishike, nyoosha mkono, geuza kiganja chini. Likitaka kuponyoka, chukua dogo zaidi. Mapya ni ghali, lakini ya plastiki hudumu miaka mingi, na huko Ulaya watu huyauza yaliyotumika wakibadilisha. Mwenye ndugu Uingereza au Afrika Kusini amwombe.

Ninatumia mkono wa kushoto.

Hakuna tatizo. Tufe lipo tayari kupinda upande wowote, unaligeuza tu.

Mwanangu haoni vizuri. Anaweza?

Anaweza, na hata ubingwa upo. Tangu Glasgow 2014 wachezaji wenye uoni hafifu wanashindania medali za Madola wakicheza wawili wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja na mwelekezi wake. Mwelekezi anamwekea mstari wa kulenga, na tufe likisimama anamwambia limelala wapi kwa kutumia sura ya saa, jeki ikiwa katikati: limepita nyuma, limebaki mbele, limekaa ubavuni, na kwa umbali gani. Kwetu mwelekezi atasema "saa sita, sentimita 40", na mtoto atajua tufe limepitiliza jeki kwa chini kidogo ya dhiraa moja, apunguze mkono.